Lebo Haichuji Hewa: Tuwafunze Wapimaji Kabla ya Kujenga Vinu



Nikiwa kwenye mwaka wangu wa uchungaji, paroko alinituma hospitali ya jirani kumpelekea dada mmoja wa maabara fomu za semina ya wanandoa. Alikuwa amemaliza kazi ya siku, ameshavua koti na kunawa. Kwa kuwa shuleni nilipenda sana fizikia, nikamwomba anionyeshe kabati lile la chuma lenye kioo mbele ambalo hufanyia vipimo vya makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Akanionyesha kwa furaha. Akaeleza kuwa kabati hilo linavuta hewa kutoka kwake kwenda ndani, linaipitisha kwenye kichujio, kisha hewa inatoka ikiwa safi. Bila kichujio hicho yeye na wenzake wangevuta vijidudu kila siku.

Ubavuni mwa kabati palibandikwa lebo yenye tarehe ya kipimo cha mwisho na tarehe ambayo kipimo kingine kilipaswa kufanyika. Tarehe hiyo ya pili ilikuwa imepita kwa miaka miwili. Nikamwuliza. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Frateri, hiyo ni lebo tu. Feni inazunguka, hewa inatoka. Fundi wa kuipima mpaka aitwe kutoka nje ya nchi, na fedha yake haijapatikana."

Simlaumu dada yule. Yeye ndiye aliyekuwa anaweka mapafu yake rehani, siyo mimi. Lakini swali lake la kimyakimya lilinifuata hadi seminarini: kama feni inazunguka na hewa inatoka, kipimo ni cha nini? Nilipoanza kusoma ili nipate jibu, nilijikuta mahali ambapo sikutegemea, yaani kwenye mitambo ya nyuklia. Kichujio kilichomo katika kabati lile kilizaliwa huko. Namna ya kukipima ilizaliwa huko pia. Na somo kubwa kuhusu gharama ya kutokipima liliandikwa huko, kwa moto na kwa hasara.

Leo nchi zetu zinazungumza kwa sauti kubwa kuhusu umeme wa nyuklia. Kenya ilitunga sheria mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya kudhibiti mambo ya nyuklia. Uganda imetaja Buyende kuwa eneo la mtambo wake. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomi. Katika mijadala tunabishana kuhusu fedha, ardhi, na nchi ipi itujengee. Wakazi wa Uyombo kule Kilifi walipinga mtambo kujengwa kwao, na walikuwa na haki ya kuuliza maswali. Lakini sijasikia mtu akiuliza swali hili dogo: nani atapima vichujio vya hewa, alifunzwa wapi, na siku akisema "hakijapita" nani atamsikiliza?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo si dogo. Mafunzo ya wapimaji yanapaswa kutangulia ujenzi, yafanyike kwa mikono na si kwa vitabu peke yake, na yampe mpimaji mamlaka ya kusema hapana.

Kichujio chenyewe

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani waliokuwa wakitengeneza bomu la atomu walikabiliwa na tatizo la vumbi lenye mionzi. Vumbi hilo halionekani wala halinuki. Chembe moja ikitua ndani ya pafu inaweza kuendelea kutoa mionzi papo hapo kwa miaka. Wakaanzia kwenye karatasi ya vichujio vya vinyago vya gesi vya jeshi, wakaiboresha hadi kupata kichujio tunachokiita leo HEPA. Inafaa tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Udongo wetu ulikuwamo tangu mwanzo. Utaalamu wa kujikinga haukurejea kwetu kwa kasi ileile.

Kichujio cha HEPA ni karatasi ya nyuzi nyembamba mno za kioo, iliyokunjwa mikunjo mingi na kufungwa ndani ya fremu. Kile cha kawaida cha mitamboni ni mraba wa takribani sentimita 61 kila upande, na kina chake ni karibu sentimita 29. Sharti lake ni kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye kipenyo cha mikromita 0.3. Maana yake, katika kila chembe 10,000 zinazofika, zisipite zaidi ya tatu.

Kwa nini mikromita 0.3, wakati ziko chembe ndogo zaidi ya hapo? Wengi hudhani kichujio ni kama chekecheke ya unga: kitu kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Sivyo. Chembe kubwa ni nzito, haziwezi kukata kona haraka kufuata hewa, hivyo hugonga nyuzi na kunasa. Chembe ndogo sana nazo husukumwasukumwa na molekuli za hewa, huyumba huku na huku kama mtu aliyetoka kilabuni, na mwisho hugusa uzi na kubaki hapo. Zilizo katikati, karibu na mikromita 0.3, ndizo zenye nafasi kubwa kuliko zote ya kupenya. Kwa hiyo ukimpima kichujio kwa chembe hizo, umempima kwa adui yake mgumu kuliko wote.

Lakini kichujio cha karatasi hakinasi gesi. Iodini yenye mionzi inaweza kusafiri ikiwa mvuke, nayo mwilini hukimbilia tezi ya shingo, hasa kwa watoto. Ili kuikamata, mitambo huweka vitanda vya mkaa ulioamilishwa, mara nyingi ukiwa umelowekwa kwenye kemikali kama iodidi ya potasiamu. Mkaa huo hufanya kazi vizuri ukiwa mzima, lakini ni mwepesi wa kuchoka. Unyevu huudhoofisha. Moshi wa rangi ya ukutani na mvuke wa viyeyusho huujaza kabla ya siku ya kazi yake. Ndiyo maana kanuni za Marekani hudai sampuli ya mkaa ipelekwe maabara baada ya kila saa 720 za matumizi, na tena kama kumepakwa rangi, kumetokea moto au kumemwagika kemikali mahali ambapo hewa yake inafika kwenye mkaa.

Moshi wa ubani na mwanga wa dirishani

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Wote tumewahi kukiona kanisani bila kujua. Asubuhi, chetezo kikitoa moshi na jua likiingia kupitia dirishani, tunaona mshale wa mwanga umenyooka hewani. Mwanga haukuwa unaonekana kabla ya ubani. Zile chembe za moshi ndizo zinazoutawanya hadi ukafika machoni petu. Moshi ukiwa mwingi mwanga unang'aa, ukipungua mwanga unafifia.

Mpimaji wa kichujio hufanya hivyo hivyo. Upande ambao hewa inaingia, anapuliza ukungu wa mafuta maalumu. Zamani walitumia mafuta yaitwayo DOP, na baada ya wasiwasi kuhusu madhara yake kiafya wengi wakahamia kwenye aina nyingine iitwayo PAO. Kisha ana chombo kiitwacho fotomita, ambacho kinavuta hewa kidogo na kupima mwanga uliotawanywa na chembe zilizomo. Anapima kwanza upande wa kuingilia na kuuita asilimia 100. Halafu anapima upande wa kutokea. Katika mitambo mingi ya nyuklia, upande huo wa pili ukionyesha zaidi ya asilimia 0.05, mfumo haujapita.

Hapa ndipo penye somo ambalo mwanafunzi yeyote wa kazi hii hulipata siku ya kwanza, na ambalo dada yule wa maabara hakuwahi kuelezwa. Kiwandani kichujio hupimwa uwezo wake wa kunasa. Kikishafungwa mahali pake, kinachopimwa ni uvujaji. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Kichujio kinaweza kutoka kiwandani kikiwa kamili, kisha kikaangushwa kwenye lori. Kinaweza kufungwa huku gasketi ikiwa imejikunja. Bolti moja inaweza kukazwa na nyingine ikaachwa. Fremu ya chuma inaweza kuwa na ufa kwenye kona iliyounganishwa. Hewa ni mvivu, siku zote hufuata njia iliyo rahisi, na ufa mwembamba ni njia rahisi kuliko karatasi ya kioo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mtambo wa nyuklia, ukuta huo ni ghali mno.

Ndiyo sababu vitabu vya viwango vinadai kwamba kabla ya kuwasha chombo chochote, mpimaji aingie ndani ya chumba cha vichujio na taa yake na aangalie kwa macho. Atazame gasketi, aguse viungo, aone kama kuna kutu, kama mfereji wa maji umeachwa wazi, kama mtu amepitisha waya ukutani bila kuziba tundu. Halafu apime kiasi cha hewa inayopita. Kisha ahakikishe kuwa ukungu wa mafuta umechanganyika sawasawa, kwa sababu ukikusanyika upande mmoja, fotomita itasema uongo bila yenyewe kujua. Baada ya hayo yote ndipo kipimo chenyewe kinafanyika. Asiyefunzwa huruka hatua hizi zote na kwenda moja kwa moja kwenye namba.

Yaliyotokea palipoachwa ufa

Mwaka 1957 ulikuwa mwaka wa mafundisho machungu. Tarehe 11 Septemba, katika kiwanda cha Rocky Flats karibu na Denver, Marekani, plutoniamu ilishika moto ndani ya kisanduku cha kazi. Moto ukaingia katika mfumo wa hewa. Vichujio vilivyowekwa kuzuia vumbi la plutoniamu vilikuwa vimetengenezwa kwa malighafi inayoungua. Zaidi ya 600 viliteketea, na plutoniamu ikatoka nje. Kinga yenyewe iligeuka kuni. Baada ya hapo msisitizo ukawekwa kwenye vichujio vya nyuzi za kioo visivyoungua.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Oktoba, kinu cha Windscale kule Uingereza kiligunduliwa kuwa kinawaka. Juu kabisa ya mabomba yake marefu ya kutolea hewa palikuwa na vichujio. Aliyesisitiza viwekwe ni mwanasayansi John Cockcroft, na kwa sababu uamuzi ulikuja ujenzi ukiwa umeanza, ilibidi viwekwe juu kileleni kwa gharama kubwa. Watu wakavitania, wakaviita upuuzi wa Cockcroft. Siku ya moto hakuna aliyecheka. Vichujio vilizuia sehemu kubwa ya vumbi lenye mionzi. Lakini havikuwa na uwezo wa kukamata iodini iliyokuwa mvuke. Iodini ikatua kwenye majani, ng'ombe wakala majani, na maziwa ya eneo la takribani kilomita za mraba 500 yakapigwa marufuku. Funzo lake lina pande mbili: kinga iliyobezwa iliokoa wengi, na kinga isiyopimwa dhidi ya kila hatari huacha mlango mmoja wazi.

Miaka 22 baadaye ilikuja ajali ya Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Rais Carter aliunda tume ya uchunguzi chini ya John Kemeny. Miongoni mwa mambo tume iliyoyabaini ni kwamba uwezo wa baadhi ya vichujio vya mkaa ulikuwa umeshuka kwa sababu viliachwa vifanye kazi mfululizo kabla ya ajali, badala ya kutunzwa kwa ajili ya siku ya dharura. Katika jengo moja, kipimo kilichotakiwa kilikuwa kimesamehewa na mamlaka ya udhibiti yenyewe. Katika jengo jingine hapakuwa na sharti la kipimo hata kidogo. Iodini iliyotoka nje ilikuwa kidogo, kwa kuwa nyingi ilibaki majini. Lakini hilo halikuwa tunda la uangalifu wa watu waliosamehe kipimo.

Na tusidhani ni mambo ya kale. Tarehe 14 Februari 2014, katika hifadhi ya taka za nyuklia iliyo zaidi ya mita 600 chini ya ardhi jimboni New Mexico, pipa moja lilipasuka. Chanzo chake kilikuwa cha kushangaza: wakati wa kufungasha taka, mchanga wa kunyonya majimaji, ule wanaowekewa paka chooni, ulibadilishwa kutoka wa udongo kuwa wa asili ya mimea, nao ukafanya kemikali kali na chumvi za naitreti zilizokuwamo. Kengele ya mionzi ililia, na mfumo ukaelekeza hewa ya chini kwenye vichujio vya HEPA kama ulivyopangwa. Vichujio vilifanya kazi yao. Hata hivyo kiasi kidogo cha mionzi kilifika nje, kwa sababu milango ya chuma ya kufungia njia ya pembeni haikuziba kabisa. Hewa ilipita pembeni ya vichujio. Baadaye milango hiyo ilizibwa kwa povu zito, na hifadhi haikupokea taka mpya kwa takribani miaka mitatu.

Tazama, msomaji: katika mikasa yote minne hakuna mahali ambapo fizikia ilikosea. Karatasi ya kioo ilijua kazi yake na mkaa ulijua kazi yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa wakati: je, kinaungua? Je, kinakamata mvuke? Je, mkaa bado mzima? Je, njia ya pembeni imefungwa kweli? Maswali hayo ndiyo kazi ya mpimaji.

Mafunzo yawe ya namna gani

Wenzetu walilielewa hili mapema. Tangu mwaka 1951 Wamarekani walianza kukutana katika mikutano ya usafishaji wa hewa ya nyuklia, ambako wahandisi husomeana makosa yao. Chuo Kikuu cha Harvard, kupitia shule yake ya afya ya umma, kiliendesha kwa miaka mingi warsha ya kupima vichujio vikiwa mahali pake, ikiongozwa na profesa Melvin First. Angalia vizuri: ni shule ya afya ya umma. Waliona tangu mwanzo kwamba jambo hili linahusu mapafu ya watu kabla halijahusu mabomba.

Kutokana na niliyosoma, ninaona mambo matatu ambayo mafunzo yetu hayawezi kuyakosa.

La kwanza, yafanyike kwenye ufa wa kweli. Mwanafunzi awekewe ukuta wa vichujio ambao mwalimu ameutoboa kwa siri, mahali padogo kama ncha ya kalamu, na asipewe cheti mpaka aupate. Anayejifunza kwa picha za ukutani atajua majina ya vifaa. Anayejifunza kwa kutafuta ufa atajua woga wa kuukosa, na woga huo ni sehemu ya utaalamu.

La pili, afundishwe kuandika. Kipimo kisichoandikwa ni kama ubatizo usioingizwa kwenye kitabu cha parokia: ulifanyika, lakini baada ya miaka 20 nani atathibitisha? Mpimaji aandike hali aliyoikuta kabla hajarekebisha chochote. Akikaza bolti kwanza ndipo apime, atakuwa ameficha ugonjwa. Umri wa kichujio nao uandikwe, kwa kuwa hata kisichotumika huzeeka. Mwongozo wa Idara ya Nishati ya Marekani wa mwaka 2003 unashauri miaka kumi tangu kutengenezwa kwa kichujio kinachokaa pakavu, na mitano kwa kile kinachoweza kulowa.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, awe huru. Kanuni za ubora wa mitambo ya nyuklia za Marekani zinataka watu wa ukaguzi wawe na mamlaka ya kutosha, na wasibanwe na gharama wala ratiba pale mambo hayo yanapogongana na usalama. Walioandika kanuni hiyo waliwajua wanadamu. Fikiria fundi kijana, saa nane usiku, mtambo umesimama kwa matengenezo, kila saa inagharimu fedha nyingi, mkuu wake yuko mlangoni anatazama saa. Fotomita inaonyesha 0.06. Mpaka ni 0.05. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba anaweza kusogeza mrija kidogo apate namba nzuri zaidi. Hakuna atakayejua. Cheti cha darasani hakimsaidii hapo. Kinachomsaidia ni dhamiri iliyolelewa pamoja na sheria inayomlinda asifukuzwe kazi kesho yake. Kimoja bila kingine hakitoshi. Dhamiri bila ulinzi huvunjwa, na ulinzi bila dhamiri hubaki karatasi.

Wanaopinga

Nimewasikia wanaosema: hatuna kinu, kwa nini tuanze na wapimaji? Si ni kununua hatamu kabla ya farasi? Ninajibu kwamba mtu wa kazi hii haivi kwa semina ya wiki moja. Anahitaji miaka ya kupima mifumo midogo kabla hajakabidhiwa mkubwa. Tukingoja kinu kifike ndipo tutafute mpimaji, tutampokea yule atakayeletwa na aliyetuuzia kinu. Sina chuki na wageni. Ila muuzaji kukagua bidhaa yake mwenyewe si ukaguzi.

Wengine husema siku hizi vihisi vya kompyuta vitapima vyenyewe. Kihisi cha mgandamizo kitakuambia kama kichujio kimejaa vumbi. Hakitakuambia kwamba gasketi imekatika. Kwa kweli kichujio kilichopasuka hupitisha hewa kwa urahisi zaidi, na kwenye skrini kinaweza kuonekana kina afya njema kuliko kizima.

Wapo pia wasiotaka nyuklia kabisa, na baadhi yao ni wanaparokia wenzangu. Hoja zao ninaziheshimu. Lakini hata wao wanamhitaji mpimaji, kwa sababu kichujio kilekile kiko tayari katikati yetu.

Tuanzie nyumbani

Na hapa narudi kwenye kabati la maabara. Viwango vya makabati hayo vinataka yapimwe yanapofungwa, yanapohamishwa, na angalau mara moja kila mwaka. Ukungu ni uleule wa mafuta, fotomita ni ileile, macho na mikono ni ileile. Kijana atakayejifunza kupima kabati la kifua kikuu mwaka huu ndiye anayeweza kupima ukuta wa vichujio wa kinu baada ya miaka 15. Hatuhitaji kusubiri uamuzi wa nyuklia. Tunahitaji vyuo vyetu vya ufundi vifungue kozi hii, tume zetu za atomi na wizara za afya zikubaliane juu ya cheti kimoja, na hospitali, zikiwamo zile za mashirika ya dini, zichangie kumlipa fundi mmoja wa kuzunguka mkoa badala ya kila moja kungoja wa kutoka nje ya nchi.

Tusiseme kwamba mambo haya si ya watu wa Kanisa. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, katika Chuo Kikuu Katoliki cha Lovanium, na aliyekuwa mkuu wa chuo hicho, Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia wa nyuklia. Unaweza kukubaliana na uamuzi wake au usikubaliane nao. Lakini hakuona kuwa kushika kipimo kunapunguza upadri wake. Kaka zangu mafrateri ambao kesho mtakuwa wasimamizi wa hospitali, shule na vyuo, mtaletewa bajeti mezani. Kutakuwa na mstari mdogo umeandikwa "upimaji wa vichujio". Utaonekana ni mstari rahisi kuufuta, kwa sababu mwaka uliopita uliufuta na hakuna kilichotokea. Usiufute.

Nanyi waamini mnaokwenda kwenye mikutano ya hadhara kuhusu mitambo mikubwa, pamoja na kuuliza fidia ya shamba na ajira kwa vijana, ulizeni pia: wapimaji wako wangapi, wamefunzwa na nani, na matokeo yao yatabandikwa wapi tuyasome? Jibu likiwa ni ukimya, basi mmeshapata jibu.

Hivi karibuni nilimpigia simu dada yule kumsalimia. Nikamwuliza habari za kabati. Akaniambia lebo ni ileile, ila siku hizi kabla ya kuanza kazi huwasha feni na kushika kipande cha karatasi laini mlangoni aone kama hewa inavutwa ndani. "Si kipimo, Frateri, najua," akasema, "lakini angalau nauliza." Nikamwambia ameanza mahali pazuri. Kilichobaki ni sisi wengine kumpatia mtu wa kumjibu.